Umeitwa kuwa shahidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki na wajibu wako katika kesi za jinai Tanzania Bara

Kesi ya jinai inaweza kuwa na mpelelezi makini, vielelezo vizuri na mwendesha mashtaka anayeijua kazi yake, na bado ikafa kwa sababu mtu mmoja aliyeona hakufika mahakamani. Mara nyingi mtu huyo hakukataa kwa ubaya. Aliogopa, alikosa nauli, au hakuna aliyemweleza kitakachompata akisimama kizimbani. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yake.

Yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ushahidi na za mwenendo wa jinai. Msingi wa majibu haya ni Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6), Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai (Sura ya 20) na Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16). Namba za vifungu nimeziacha kwa makusudi. Toleo la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezipanga upya sura nyingi, na mtu anayefuata namba za kwenye vitabu vya zamani anaweza kujikuta anasoma kifungu kisichohusika kabisa.

Niliona kidogo tu. Mimi nami ni shahidi?

Ndiyo. Sheria haitafuti mtu aliyeona tukio zima. Anayesimulia alichokiona kwa macho, alichokisikia kwa masikio au alichokigusa mwenyewe ni shahidi, hata kama ni kipande tu: pikipiki iliyopita kasi saa fulani, sauti uliyoitambua, mtu aliyekuja kukuuzia simu kwa bei ya kutupa siku iliyofuata. Kazi ya kuunganisha vipande ni ya mwendesha mashtaka na ya mahakama.

Kisichotakiwa ni kusimulia cha mwenzako. "Jirani aliniambia kwamba alimwona" hakuthibitishi kuwa alionekana. Wa kuitwa ni jirani. Hali kadhalika, usijisikie mdogo kwa kuwa uko peke yako. Sheria ya Ushahidi haijaweka idadi ya mashahidi wanaotakiwa kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja anayeaminika anatosha kumtia mtu hatiani, na kumi wasioaminika hawatoshi.

Nikienda polisi kutoa taarifa, si nitawekwa ndani mimi?

Hofu hii ndiyo inayowafunga watu midomo kuliko zote, kwa hiyo tuanze na sheria yenyewe. Kila anayejua kwamba kosa la jinai limetendeka au linakusudiwa kutendeka anao wajibu wa kutoa taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake, naye kiongozi aifikishe kituo cha karibu. Wajibu huohuo upo kwa kifo cha ghafla au chenye utata. Na sheria hiyohiyo inamlinda mtoa taarifa: hashtakiwi wala hadaiwi fidia kwa sababu ya taarifa aliyoitoa kutimiza wajibu huo.

Shahidi si mtuhumiwa. Anayehojiwa kama shahidi huandika maelezo ya shahidi, na anayehojiwa kama mtuhumiwa huandika maelezo ya onyo baada ya kuelezwa haki zake. Ukiwa na wasiwasi, uliza mapema: "Afande, nahojiwa kama nani?" Ni swali halali na unastahili jibu. Ukiambiwa wewe ni mtuhumiwa, una haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili au ndugu wakati wa mahojiano.

Polisi wameandika maelezo yangu. Niangalie nini kabla ya kusaini?

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kesi nyingi hushindwa au kushinda kwenye karatasi hii, miezi mingi kabla shahidi hajapanda kizimbani.

Maelezo yanatakiwa kusomwa kwako, au uyasome mwenyewe, kabla ya kusaini au kuweka dole gumba. Usisaini karatasi tupu. Usisaini kwa sababu giza linaingia na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Kama ulisema "nilisikia sauti ya mwanamume" na imeandikwa "nilimwona mwanamume", hayo ni mambo mawili tofauti. Omba isahihishwe hapohapo. Siku ya kesi wakili wa utetezi anaweza kukuonesha maelezo yako na kukuuliza kwa nini leo unasema tofauti na ulivyosema polisi. Kujibu kwamba askari aliandika vibaya hakutakusaidia sana kama sahihi yako iko chini.

Kama unamfahamu uliyemwona, mtaje mara moja, kwa jina, kwa jina la utani au kwa alama yoyote inayomtambulisha. Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2002, na imerudia mara nyingi tangu hapo, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anajijengea uaminifu, na anayekaa kimya muda mrefu bila sababu analazimisha mahakama ijiulize. Kuchelewa kukiwa na sababu ya kweli, kama vile kulazwa hospitali au kutishiwa, iseme sababu hiyo kwenye maelezo.

Tukio likiwa la usiku, maelezo yanahitaji kina zaidi. Tangu hukumu maarufu ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na hauwezi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Inataka kujua ulimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na kama ulikuwa unamfahamu kabla. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Taa ya nini? Ilikuwa wapi? Ilikuwa na nguvu kiasi gani? Ulimwona usoni au mgongoni? Watu waliowaona wavamizi kweli wamekosa kuaminiwa kwa sababu hakuna aliyeandika mwanga ulitoka wapi. Askari asipouliza, wewe eleza.

Nimeitwa kwenye gwaride la utambulisho. Ninafanyaje?

Gwaride, yaani watu kadhaa kupangwa mstari ili umwoneshe uliyemwona kwa kumgusa, lina maana kama hukumfahamu mtu huyo kabla ya tukio, na kama ulishaeleza mwonekano wake mwanzoni: urefu, rangi, mavazi, kovu, mwendo. Usikubali kuoneshwa mtuhumiwa au picha yake kabla ya gwaride, hata kwa nia njema. Hilo linaharibu zoezi lote. Usipomwona, sema hayupo. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha uguse mtu.

Vivyo hivyo kwa mali iliyoibwa. Utaje kwanza alama zake, kama mkwaruzo, namba au kipande ulichobadilisha, ndipo uoneshwe kitu chenyewe. Kusema tu "hii ni yangu" baada ya kuoneshwa hakuna uzito, hasa kwa vitu vinavyofanana madukani.

Nimeletewa samansi. Ni ombi au ni amri?

Ni amri ya mahakama. Hati ya wito inataja mahakama, namba ya kesi, tarehe na saa. Inaweza kukufikia kwa mkono wa askari au wa mtendaji wa kijiji au mtaa. Saini kuwa umeipokea na ubaki na nakala yako. Utaihitaji kwa mwajiri na kwa malipo ya gharama zako.

Ukipata samansi na usifike bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kutoa hati ya kukamatwa na ukaletwa chini ya ulinzi. Unaweza pia kutozwa faini. Na ukifika lakini ukakataa kula kiapo, kujibu swali halali au kutoa kitu ulichoamriwa kukileta, mahakama inaweza kuahirisha shauri na kukupeleka rumande kwa muda usiozidi siku 8, na ikarudia kama bado unakataa. Nataja haya ili ujue uzito wake. Mashahidi wengi wanaotoa taarifa mapema kwamba wana udhuru hawafiki huko. Kama unaumwa, umefiwa au una safari isiyoahirishika, mjulishe mpelelezi au ofisi ya mashtaka kabla ya tarehe, ukiwa na uthibitisho.

Kabla ya kufunga safari, uliza jambo moja: kesi inakuja kutajwa au kusikilizwa? Siku ya kutajwa kwa kawaida mashahidi hawatoi ushahidi. Wapo waliopoteza siku nzima kwa kutojua tofauti hii.

Bosi ananikatalia ruhusa.

Mwonyeshe samansi. Mwajiri hana mamlaka ya kutengua amri ya mahakama, na mtu yeyote anayemzuia shahidi kwenda mahakamani ili kuvuruga haki anatenda kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Waajiri wengi wakiiona hati yenyewe wanaelewa. Asipoelewa, mweleze mwendesha mashtaka.

Nani analipa nauli yangu?

Shahidi halipwi kwa ushahidi. Akilipwa kwa ushahidi, hiyo ni rushwa. Kinachorudishwa ni gharama: nauli, na posho ya kujikimu pale anapotoka mbali na kulazimika kulala. Kwa mashahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, gharama hizo ni za Serikali, na mtu wa kumuuliza ni wakili wa Serikali au mwendesha mashtaka anayeendesha kesi yako. Tunza tiketi na risiti, nenda na kitambulisho na ile nakala ya samansi, na uulize siku hiyohiyo uliyofika, hata kama kesi imeahirishwa na hukupanda kizimbani. Umefika kwa amri; kuahirishwa si kosa lako.

Nitasema wazi: malipo haya huchelewa, na mahali pengine shahidi huondoka mikono mitupu. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mkulima aliyeacha shamba msimu wa palizi kwenda kuisaidia Jamhuri hastahili kukopa nauli ya kurudi. Usione haya kudai. Kama nauli ya kwenda huna kabisa, sema mapema pale samansi inapokufikia, usisubiri siku yenyewe.

Nimetishiwa. Naweza kulindwa?

Unaweza. Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, Na. 20 ya mwaka 2015, inayolenga kumkinga shahidi dhidi ya kulipiziwa kisasi. Kando yake, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inampa Mkurugenzi wa Mashtaka nafasi ya kuiomba Mahakama Kuu, bila upande wa pili kuwepo, itoe amri za kumlinda shahidi: jina na utambulisho wake visitajwe, atoe ushahidi kwa njia ya video, au maelezo yake yasioneshwe kwa namna itakayomfichua. Amri hizi zimekuwa zikitumika zaidi katika kesi nzito.

Hazitolewi kwa kila anayeogopa. Mshtakiwa naye ana haki ya kujua anatuhumiwa nini na ya kumhoji anayemtuhumu, kwa hiyo mahakama hupima. Ndiyo maana hofu yako lazima iwe na maelezo: nani alikutisha, lini, kwa maneno gani, kwa simu ipi. Usifute ujumbe wa vitisho. Usibishane na anayekutisha. Peleka taarifa kituoni, upate namba ya jalada, na umweleze mwendesha mashtaka. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akiwa ndiye anayekufuata, upande wa mashtaka unaweza kuomba dhamana yake ifutwe. Mtu asiyesema kitu akitegemea kwamba mahakama itaona yenyewe hatapata ulinzi wowote.

Ndugu wa mshtakiwa wamekuja nyumbani wanataka tuyamalize kifamilia.

Wakati mwingine wanakuja na wazee, na maneno mazuri, na bahasha. Inakuwa vigumu kweli, hasa kama mshtakiwa ni mtoto wa shemeji au jirani mnayezikana.

Kesi ya jinai mahakamani ni kati ya Jamhuri na mshtakiwa. Wewe kama shahidi, na hata kama mlalamikaji, huna mamlaka ya kuifuta. Katika mahakama za wilaya na za juu mwenye uwezo wa kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka au anayefanya kazi kwa niaba yake. Kuna makosa madogo ambayo sheria inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho, kama mashambulio ya kawaida, na hilo hufanyika mbele ya mahakama, likaandikwa. Kubaka, kulawiti, mauaji na ujambazi havimo humo. Kwa hiyo fedha unayopewa ili usifike mahakamani inakufanya nawe uwe mkosaji, na samansi inabaki palepale.

Ukishinikizwa, toa taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa simu ya bure 113, au polisi. Nasisitiza hasa kwa kesi za watoto waliofanyiwa ukatili. Mara nyingi ni familia yenyewe inayomhamisha mtoto shule au kumpeleka mkoa mwingine ili asipatikane kutoa ushahidi, na mtoto anabaki na jeraha lisilo na jibu. Mzazi anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa.

Mshtakiwa ni mume wangu. Nitalazimishwa kumshuhudia?

Kwa kawaida hapana. Mke au mume wa mshtakiwa anaruhusiwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka lakini halazimishwi, na mahakama inatakiwa imweleze haki hiyo kabla hajaanza kusema na iandike kuwa imefanya hivyo. Isipoandika, ushahidi wake haupokelewi.

Ila ulinzi huo unakoma kwa makosa dhidi ya maadili, yakiwemo ya kujamiiana, kwa makosa chini ya Sheria ya Ndoa, na pale kosa lilipofanywa dhidi ya mwili au mali ya mwenzi huyo au watoto wa mmoja wao. Mume aliyempiga mke wake au kumdhuru mtoto hawezi kujificha nyuma ya cheti cha ndoa. Ndugu wengine, yaani kaka, dada, mama, shangazi, hawana kinga hii kabisa. Na kuwa ndugu wa mlalamikaji hakukufanyi usiaminike. Mahakama inatazama unachosema.

Wakili naye hawezi kutoa siri alizopewa na mteja wake bila ruhusa ya mteja, isipokuwa mawasiliano hayo yalikuwa ya kupanga uhalifu.

Mtoto wangu ameitwa. Ana miaka 9.

Anaweza kutoa ushahidi. Sheria inamtambua mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 kama mtoto wa umri mdogo, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kabla ya kuanza aiahidi mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Ahadi hiyo huandikwa kwenye kumbukumbu za kesi. Katika makosa ya kujamiiana, ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha, mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli na ikaandika sababu zake.

Ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana hupokelewa faragha, na vyombo vya habari haviruhusiwi kuuchapisha wala kuwatangaza mashahidi. Wazazi, msiweke jina au picha ya mtoto mitandaoni hata mkiwa na hasira ya haki.

Usimkaririshe. Mtoto aliyefundishwa maneno huonekana haraka, kwa sababu anatumia msamiati wa watu wazima na anakwama akiulizwa kitu kisichokuwa kwenye somo. Mweleze tu atakutana na nani, kwamba ataulizwa maswali, kwamba anaruhusiwa kusema "sijui" na "sijaelewa", na kwamba hajafanya kosa lolote. Muulize mwendesha mashtaka kama mnaweza kuoneshwa chumba cha mahakama kabla ya siku hiyo.

Siku yenyewe inakuwaje?

Utaripoti kwa mwendesha mashtaka na kusubiri nje. Mashahidi hawakai ndani kusikiliza wenzao, ili kila mmoja aseme cha kwake bila kuongozwa na cha mwingine. Omba kusoma tena maelezo yako kabla ya kuingia. Hakuna ubaya, muda umepita na kumbukumbu inahitaji kuamshwa.

Ukiingia utataja jina, umri, kazi, makazi na dini, kisha utakula kiapo au kutoa uthibitisho kulingana na imani yako. Asiye na dini anathibitisha pia. Usipokee hatua hii kama desturi tu: ushahidi wa mtu mzima ambao haukutanguliwa na kiapo au uthibitisho hauhesabiki kuwa ushahidi, na kesi zimeanguka rufani kwa sababu hiyo.

Kwanza unaulizwa na upande uliokuita, unasimulia. Kisha upande wa pili unakuuliza maswali ya dodoso. Mwisho waliokuita wanarudi kufafanua yaliyochanganywa. Hakimu au jaji naye anaweza kuuliza wakati wowote. Kwa kuwa anaandika, ongea taratibu, utazame kalamu yake ikitulia ndipo uendelee.

Lugha ya mahakama ni Kiswahili, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamelithibitisha hilo. Usiyeelewa Kiswahili, sema mapema upatiwe mkalimani. Shahidi asiyesikia au asiyesema anaweza kutoa ushahidi kwa alama au kwa maandishi mbele ya mahakama.

Nawaogopa mawakili. Wananichanganya.

Dodoso limewekwa ili ukweli ujaribiwe, na wakili anayekubana anafanya kazi halali. Lakini una haki zako. Mahakama inaweza kuzuia maswali ya aibu au ya kashfa yasiyohusu kesi, na inatakiwa kuyazuia yaliyokusudiwa kukutukana au kukuudhi. Unaweza kuomba swali lirudiwe. Ukiulizwa maswali mawili kwa mpigo, omba yatenganishwe. Ukilazimishwa kujibu "ndiyo" au "hapana" pale ambapo jibu hilo peke yake lingepotosha, mwombe hakimu ruhusa ya kufafanua. Ukichoka au ukilia, omba muda, maji au kiti.

Mtazame hakimu unapojibu, hata kama swali limetoka kwa wakili. Usikisie. Mtu akikuuliza ilikuwa dakika ngapi nawe hukutazama saa, sema hukutazama. Mashahidi wakweli hujiharibia kwa kutaka kujua kila kitu, na uongo mdogo wa kujaza pengo ndio unaotumika kuwavua nguo.

Nikikosea au nikisahau, nitafungwa?

Hapana. Kusahau na kukosea kwa nia njema si uongo. Ukigundua umekosea, sema palepale: "Mheshimiwa, naomba kurekebisha." Mahakama ya Rufani imeeleza mara kwa mara kwamba tofauti ndogondogo kati ya mashahidi ni za kawaida, na kinachovunja kesi ni mkanganyiko unaogusa kiini chake. Imesema pia, mwaka 2006, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kuna sababu nzuri na za msingi za kutomwamini.

Kudanganya kwa kujua ukiwa chini ya kiapo, kwa jambo muhimu kwenye kesi, ni jambo jingine. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Ni hivyohivyo kwa anayekushawishi kudanganya. Na kama ulitoa maelezo polisi kisha ukageuka kizimbani, upande uliokuita unaweza kuomba ruhusa ya kukuhoji kama shahidi aliyegeuka, na maelezo yako ya kwanza yakaletwa dhidi yako.

Nilishatoa ushahidi. Mbona naitwa tena?

Huenda hati ya mashtaka imebadilishwa, na sheria inaruhusu mashahidi waitwe upya. Huenda hakimu amehamishwa au amestaafu na mpya ameona haja ya kukusikia mwenyewe. Huenda Mahakama ya Rufani au Mahakama Kuu imeamuru kesi isikilizwe upya. Mahakama yenyewe pia inaweza kumwita au kumrudisha shahidi yeyote ikiona ushahidi wake ni wa lazima kwa uamuzi wa haki. Inachosha, na kwa aliyeumizwa ni kufungua kidonda upya, lakini wajibu ni uleule wa mara ya kwanza, na haki ya gharama pia.

Nitakuwa nje ya nchi, au naumwa siwezi kufika kabisa.

Maelezo ya maandishi yanaweza kupokelewa bila wewe kuwepo, kama shahidi amefariki, hawezi kwa ugonjwa, yuko nje ya Tanzania na haiwezekani kumleta, au ametafutwa kwa juhudi zote asipatikane. Masharti ni makali: yawe yamesainiwa, yawe na tamko la ukweli, nakala ipewe upande wa pili, nao wasipinge ndani ya siku 10. Ushahidi wa namna hii una uzito pungufu kwa kuwa hakuna wa kudodoswa. Kama video inawezekana, pendekeza hiyo.

Mimi naitwa na upande wa mshtakiwa. Nitaonekana msaliti?

Hutaonekana hivyo machoni pa sheria. Mshtakiwa ana haki ya kuita mashahidi, na mahakama inaweza kutoa samansi kwa ajili yake kama inavyotoa kwa Jamhuri. Kama kweli siku ile alikuwa nawe, na unanyamaza kwa kuogopa maneno ya mtaani, mtu asiye na hatia anaweza kufungwa. Unalindwa dhidi ya vitisho kama shahidi mwingine yeyote, vitisho viwe vimetoka kwa nani. Kiapo chako ni kilekile.

Mahakama ya Mwanzo nako ni hivihivi?

Misingi inafanana, ila taratibu ni nyepesi na kuna kanuni zake za ushahidi. Mara nyingi mlalamikaji mwenyewe ndiye anayeeleza kesi na kutaja mashahidi wake, kwa hiyo samansi yako omba kwa karani.

Simu yangu ilichukuliwa kama kielelezo. Nitaipata lini?

Ukikabidhi kitu polisi, dai stakabadhi au saini kwenye hati ya ukamataji, na uandike namba ya utambulisho ya kifaa. Kesi ikiisha, mahakama hutoa amri kuhusu vielelezo. Ikisahau, andika barua ya maombi kwa mahakama hiyo ukitaja namba ya kesi na namba ya kielelezo. Tarajia kusubiri kidogo, kwa sababu anayetaka kukata rufani kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu hutoa kusudio ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufani ndani ya siku 45, na kielelezo kinaweza kuhitajika tena. Kama ni kitu kinachooza au unachokitegemea kwa riziki, kwa mfano pikipiki ya bodaboda, mwombe mwendesha mashtaka mapema kipigwe picha na aiombe mahakama ikuruhusu kukaa nacho kwa masharti ya kukileta kikihitajika.